Sinki la Chumba Nambari Moja

Nilipokuwa mtoto pale Mtito Andei, niliamini kwamba mvulana mmoja wa Makindu alimezwa na sinki. Sikuamini kwa kubahatisha. Niliamini kama nilivyoamini kwamba kesho jua litachomoza. Mvulana huyo alikuwa ananawa uso kabla ya kwenda shule, akainama mno, na maji yalipokuwa yanaisha yakamvuta kwa pua. Pua ikatangulia, kichwa kikafuata, viatu vikabaki sakafuni. Akasafiri ndani ya bomba, akapita chini ya Tsavo, chini ya tembo wenyewe, akatokea Mombasa bandarini akiwa mzima ila ametakata kiasi kwamba mama yake alipoletwa kumtambua alisema, "Huyu si wangu. Wangu ana vumbi." Na alikuwa amepungukiwa na kitu kimoja tu: kidole. Kidole hicho kilibaki njiani, na hakuna aliyejua kimekwama katika bomba la nani.

Aliyenipa habari hizo alikuwa Kilonzo, mpishi wa lojing ambako mama yangu alifua mashuka na kutunza vyumba. Kilonzo alikuwa na tumbo kubwa na uongo mkubwa zaidi, na ubaya wake ni kwamba kila uongo aliutolea ushahidi.

"Mwendwa," aliniambia, "hujasikia lile sinki la nambari moja maji yakiisha? Grrrrk! Hiyo ni sauti ya nini?"

"Sijui."

"Ya kushiba."

Nilikwenda nikasikiliza. Kweli, lilibeua kama mzee aliyetoka kwenye sherehe. Tangu siku ile nikawa nanawa uso nikiwa nimesimama mbali, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango.

Juzi sinki la bafuni kwangu hapa Tawa lilikataa kumeza maji. Mke wangu akasema tumwite fundi. Nikamwambia fundi yuko hapa hapa ndani, anakula ugali wako kila siku. Nikajilaza chali sakafuni na spana, nikafungua ile kona ya bomba iliyopinda chini ya sinki, na uvundo ulionipokea ungeweza kuwaamsha marehemu wa lokesheni nzima. Nywele, mabaki ya sabuni, utelezi mweusi usio na jina. Lakini nyuma ya uvundo huo, naapa, nilisikia harufu ya asali. Haikuwamo. Ni pua yangu tu iliyokwenda Mtito Andei bila kuniaga.

Ninyi wa umri wangu mnakumbuka maji yalivyokuwa. Kwa Susu, bibi yangu mzaa mama, kule Mbumbuni, maji yalichimbwa mtoni kwenye mchanga mkavu. Unachimba mpaka shimo linakufika kiunoni, unakaa, unangoja, na maji yanajikusanya polepole kama mtu anayetafuta neno la kusema. Halafu unachota kwa kata, kidogo kidogo, huku ng'ombe wa jirani anakupumulia mgongoni. Maji ya aina hiyo hayamwagwi. Yaliyonawa uso yalinawa miguu, yaliyonawa miguu yalipewa mpapai, na mpapai, nadhani, uliambiwa ushukuru. Ukimwaga maji ovyo mbele ya Susu, afadhali ungempiga teke mbuzi wake mwenye mimba.

Sasa mchukue mtu kama huyo umlete mahali penye sinki.

Lojing yetu ilikuwa kando ya barabara ya Mombasa, mahali ambapo malori yalisimama yakitoa moshi na madereva walishuka wakinyoosha viuno. Joto la pale lingeweza kukaanga yai kwenye upara, na nilimjua mwenye upara ambaye hakutoka nje saa sita kwa kuhofia hilo. Vyumba vingi vilikuwa na kitanda, ndoo na msumari wa kutundikia shati. Nambari moja peke yake ndiyo iliyokuwa na bafu ndani, na katika bafu hilo sinki jeupe, lililotiwa pale kwa ajili ya wakubwa kutoka Nairobi. Mimi na mama tuliishi chumba cha nyuma, kati ya mapipa ya mafuta ya taa na blanketi za akiba. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo kazi ile ndiyo iliyokuwa chakula chetu, nyumba yetu na shule yangu, vyote vimening'inia kwenye msumari mmoja.

Na mwenye nyundo ya kuung'oa msumari huo alikuwa Bwana Athumani. Alikuwa mtu wa pwani, mrefu, kanzu yake nyeupe hata katika vumbi lile, jambo ambalo sijapata kulielewa mpaka leo. Alikuja kila Jumamosi, akapita vyumba vyote kidole chake kikigusa kila dirisha. Hakuwa mkali wa kupiga kelele. Alikuwa mkali wa kunyamaza. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia kama sala: "Lojing si nyumba ya ukoo." Mama aliyefua mashuka kabla ya mama yangu alimlaza dada yake siku chache, na watu waliona godoro lake likikaa kando ya barabara, yeye na dada yake juu yake, wakingoja lori.

Basi mwaka ule mvua ikakataa kabisa, na Susu akashuka kutoka kwenye lori la mahindi akiwa na kibuyu begani, furushi, na kikohozi kilichotangulia kumtambulisha. Kule Mbumbuni hata shimo la mchangani lilikuwa limekauka. Mama alimkumbatia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamvutia ndani haraka mtu asimwone.

Lazima niwaeleze Susu. Alikuwa mfupi, mweusi tii, na kazi yake ilikuwa kutengeneza vibuyu. Kibuyu kikipasuka, watu wa vilima vyote vya Mbumbuni walimletea. Alikishona ufa kwa uzi wa katani, kisha akatoa bonge la nta ya nyuki alilolifunga katika ncha ya leso, akalilainisha kwa vidole, akakandika mpaka kibuyu kikashika maji kama kipya. Kiswahili chake kilikuwa "jambo" peke yake, na hata hilo alilitumia kwa uchoyo. Tena alikuwa na adabu za zamani: mbele ya mwanamume mgeni hakupaza sauti. Alifunika mdomo kwa leso, akanong'ona katika sikio la mwanamke aliye karibu, na huyo ndiye aliyesema badala yake. Hata mchungaji wa kanisa letu hakuwahi kuisikia sauti yake.

Hewa ya chumba chetu, ya mafuta ya taa na blanketi, ilimzidishia kikohozi. Siku chache tu akawa anakohoa mpaka ukuta unajibu. Mama akafanya jambo ambalo si la kawaida yake: akamhamishia nambari moja, kwa vile siku za katikati ya wiki kilikaa kitupu. "Ijumaa nitakutoa, Mwaitu," alimwambia. Ndivyo tunavyomwita mama mzazi. "Jumamosi mwenyewe anakuja."

Mimi ndiye niliyempeleka Susu kuona maajabu ya bafu. Nikafungua mfereji. Maji yakaja, yakazunguka ndani ya sinki jeupe, yakaingia tunduni, yakaisha. Sinki likabeua. Susu akaniangalia kama mtu aliyeona mtoto akichana pesa.

"Yamekwenda wapi?"

"Mombasa."

"Kufanya nini?"

Nikampa habari nilizokuwa nazo. Nikamweleza yote: mvulana wa Makindu, pua, viatu, kidole. Nikamsihi asiiname sana. Susu alisikiliza bila kupepesa. Akaingiza kidole chake kati ya vile vyuma vilivyokatiza tunduni, akapapasa ukingo wake pole pole.

"Na wewe hunawa hapa?" akauliza.

"Nikitumwa kusafisha, ndiyo."

Akaufunga mfereji mwenyewe, akaukaza kiasi kwamba kesho yake mama alihitaji mikono miwili kuufungua.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimetoka shule, nimekaa jikoni nikila vya jana, Kilonzo aliporudi kutoka kituo cha petroli akikimbia. Kumwona Kilonzo anakimbia kulikuwa kama kuona nyumba inakimbia.

"Mama Mwendwa! Mzee yuko petroli stesheni! Anatia upepo tairi!"

"Mzee gani?"

"Una wazee wangapi wewe? Athumani! Kuna mkubwa anakuja kulala leo, amekuja kukagua nambari moja!"

Mama alivua kandambili zake palepale akakimbia peku, mimi nyuma yake. Tukamkuta Susu ameketi kitandani ametulia kama bibi harusi. Mama akaanza kukusanya furushi, kibuyu, leso, shuka. Akaingia bafuni kuchukua kopo la Susu, na hapo ndipo nikasikia ameacha kupumua.

Sinki lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Maji ya kijivu, povu la sabuni limeganda juu, hayasogei. Yalitulia kama bwawa la kunyweshea ng'ombe.

"Mwendwa. Umefanya nini hapa?"

"Si mimi!"

"Mwaitu, umetia nini humu?"

"Sijatia uchafu wowote," Susu akasema kutoka kitandani, na alisema kwa heshima zake zote.

Hapakuwa na nafasi ya kesi. Fundi wa bomba alikuwapo, tena hatua chache tu, lakini alikuwa mpwa wa Bwana Athumani, na mdomo wake ulikuwa mpana kuliko bomba lolote alilowahi kuunga. Kumwita yeye ni sawa na kupeleka tangazo msikitini. Sinki lile ilibidi tulizibue sisi wenyewe, na kabla tairi halijajaa upepo.

Mama akakunja mikono ya blauzi. Akafunika tundu kwa kiganja akawa anasukuma na kuvuta, sukuma na vuta, maji yakaruka ukutani, usoni mwangu, kila mahali isipokuwa yalikotakiwa kwenda. Akapapasa kwa kidole. "Kuna utelezi," akasema, "sabuni imeganda." Akanyoosha waya wa kutundikia nguo, akauchomeka. Ukaingia kidogo, ukagonga kitu laini, ukapinda. Akausukuma kwa nguvu, uso umejaa jasho, mpaka ukapenya. Maji yakashuka kidogo, yakasimama.

"Kilonzo! Leta birika! Yanayochemka!"

Kilonzo akaja na birika lote la chai ya madereva, maji matupu bado, yanatokota. Tulichota yale ya kijivu kwa kopo tukayatia ndooni, kisha mama akamimina ya moto tunduni. Mvuke ukapanda. Kwanza kimya. Halafu, gulup! Sinki likameza. Likameza lote! Kilonzo akapiga makofi, mama akaegemea ukuta akafumba macho, na mimi nikaanza kucheza dansi.

Mama akafungua mfereji wa maji baridi kusuuza. Yakashuka, yakashuka, yakapunguza mwendo, yakasimama. Safari hii yalisimama imara, kama mlango uliofungwa na mtu wa ndani. Waya ukaingia mpaka chini, ukagonga kitu kigumu, hata haukupinda.

"Imekwenda kwenye kona," akasema Kilonzo kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo. "Hapo mpaka kona ifunguliwe."

Chini ya sinki, bomba lilishuka, likapinda kama shingo ya bata, likaingia ukutani. Kati ya bomba hilo na ukuta wa choo palikuwa na upenyo ambao Kilonzo asingeingiza hata sikio. Mama akajaribu. Bega lake likakwama. Akatoka, akanitazama, nami nikajua kabla hajasema.

"Ingia wewe."

"Mama, siwezi."

"Mwendwa."

"Litanivuta!"

"Nini kitakuvuta?"

Nilimtazama Kilonzo. Kilonzo akatazama dari. Nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yake kuona uongo wake umesimama mbele yake una miguu, unatetemeka, na hana la kuuambia.

Mama akapiga magoti, akanishika mabega. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alisema kwa Kikamba, taratibu, "Tukifukuzwa leo, tunakwenda wapi? Niambie, nami nitakwenda huko." Nikafikiria. Nikaona Mbumbuni, shimo la mchangani lililokauka. Nikaona godoro kando ya barabara, na Susu juu yake akikohoa, malori yakipita. Nikajilaza sakafuni nikaingia.

Kilonzo alinipa spana ya gari aliyoazima kwa dereva, kubwa kama mkono wangu. Nati ya kwanza ilikaza kama imechomelewa. Nikavuta kwa mikono yote miwili, miguu nimeikita ukutani, mpaka ikalia na kuachia. Mama akasukuma beseni chini. Nati ya pili nikaifungua kwa vidole, na maji yote yaliyokuwa yamesimama yakashuka kwa pamoja, nusu ndani ya beseni na nusu ndani ya kola yangu. Nikasikia baridi mpaka magotini. Kona ya bomba ikabaki mkononi mwangu, nzito, imejaa.

Na nje, honi. Bwana Athumani hupiga honi mara moja, fupi, kama mtu anayekohoa kukujulisha amefika.

"Toa kilichomo," mama akanong'ona. "Ingiza kidole. Haraka, baba, haraka."

Nilitazama ndani ya tundu la kona ile. Giza. Nikafumba macho, nikawaza pua yangu, viatu vyangu, nikaingiza kidole cha kati. Kiligusa kitu. Hakikuwa sabuni. Hakikuwa nywele. Kilikuwa baridi, kigumu kiasi, lakini ukikibonyeza kinakubali, kama nyama. Nikakikwaruza kwa ukucha, nikapata pa kushika, nikavuta. Kikagoma, kikaachia, kikatoka kizima, kikaangukia kifuani kwangu.

Kilikuwa cha rangi ya manjano. Kilikuwa kirefu, cha mviringo. Kilikuwa kimepinda katikati, kwenye kifundo.

Ndugu zangu, nilipiga ukelele uliosikika Voi. "Ni kidole! Ni kidole cha yule mtoto!" Nikatoka chini ya sinki kwa mgongo, nikagonga kichwa kwenye bomba, nikasimama, nikajikuta nimekumbatia kitu cheupe kinachonukia udi. Nikatazama juu. Ilikuwa kanzu ya Bwana Athumani, nami nimeichora maji ya kijivu kutoka kiunoni hadi goti.

Bwana Athumani alinitenga taratibu. Akatazama sinki lililofunguliwa matumbo, beseni, birika, waya, Kilonzo aliyekuwa akijaribu kuingia ukutani, mama aliyepiga magoti ndani ya maji. Halafu nyuma yake, kitandani, Susu akakohoa.

Bwana Athumani akageuka pole pole.

"Mama Mwendwa. Huyu ni nani?"

"Mama yangu mzazi, Bwana."

"Amelala chumba hiki?"

"Ndiyo, Bwana."

Angeweza kusema uongo, mama. Hakusema. Maji yalikuwa yakimdondoka viwikoni.

Bwana Athumani akainama, akaokota kile kidole. Nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa amekisogeza puani. "Hii nta," akasema. "Nta ya nyuki hii. Ina harufu ya asali bado." Akakigeuza, akakitazama umbo lake. "Nta imeingiaje katika bomba langu?"

Mama akamgeukia Susu, na mara ile, kwa jinsi macho yake yalivyoganda kwenye ile ncha ya leso iliyolegea, nikaona kwamba ameelewa. Susu akainuka. Akaja na mwendo wake wa taratibu mpaka pale mama alipopiga magoti, akafunika mdomo, akainama, akanong'ona sikioni. Alinong'ona kirefu. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye haki yake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyamaza kidogo, kama mwanamke sokoni anayechagua nyanya, anabonyeza hii, anaiacha, anashika nyingine.

"Anasema," mama akaanza, "mtoto alimweleza kwamba sinki hili limewahi kumeza mtoto. Anasema hajawahi kuona kitu kama hiki maishani mwake. Mjukuu ni huyu mmoja tu. Usiku hakulala, akaogopa mtoto ataletwa kunawa hapa avutwe. Basi akaliziba kwa nta yake, mtoto apone. Anaomba msamaha, Bwana."

Bwana Athumani alinitazama. "Ni kweli ulimwambia bibi yako maneno hayo?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Na wewe nani alikwambia?"

Macho yangu yalikwenda kwa Kilonzo yenyewe, bila ruhusa yangu. Bwana Athumani akayafuata. "Alaa," akasema. Neno moja tu, lakini Kilonzo alipungua kilo tano mbele yetu.

Nilisikia matone yakianguka kutoka kwenye bomba lililo wazi. Nilimwona mama ameshika ncha ya blauzi yake akiikamua, akiikamua, ingawa ilikwisha kukauka maji.

"Nilipoingia hapa," Bwana Athumani akasema mwisho, "nilikuwa na neno jingine mdomoni. Lakini mtu aliyekesha kumzibia mjukuu wake shimo, simtoi mimi mlangoni. Nitamjibu nini Mungu?" Akaiweka ile nta mkononi mwa Susu, kwa mkono wa kulia, kwa adabu. "Chumba hiki si chake, hilo lijulikane. Blanketi zitolewe kule nyuma zipelekwe stoo, na mafuta ya taa pia, apate hewa. Mvua ikinyesha atarudi kwake. Na wewe," akanigeukia mimi, "rudisha bomba langu."

Nilirudi chini ya sinki, na safari hii niliingia mwenyewe. Niliisuuza kona kwa maji ya birika, nikaipachika, nikakaza nati kwa vidole kwanza, halafu kwa spana, kama Kilonzo alivyonielekeza kwa sauti ya mtu aliyetoka kuugua. Mama akafungua mfereji. Maji yakazunguka, yakaingia, yakaenda. Sinki likabeua. Susu, aliyekuwa mlangoni na furushi lake, akageuza uso asiyaone yakipotea.

Alikaa nasi mpaka mvua ya masika, na kikohozi kikamwacha. Nami nikakua na hadithi yangu. Niliibeba kama mtu anavyobeba kitambulisho. Nilipokuwa kijana, nafanya kazi mchana na kusoma jioni katika darasa la watu wazima, mwalimu alitutaka kila mmoja asimame aeleze mtu aliyempenda kuliko wote. Wengine walitaja wake zao, waoga. Mimi nilisimama nikaeleza bibi aliyekesha akipigana na sinki kwa ajili ya mjukuu wake, nta mkononi, machozi machoni. Sikuacha kitu, nadhani niliongeza na radi. Darasa zima, watu wenye ndevu, waliguna.

Nilipohitimu nilikwenda Mbumbuni kumweleza Susu. Alikuwa mzee sana sasa, amekaa uani na mama wakimenya mbaazi katika ungo mmoja. Nilimsimulia yote kwa Kikamba, jinsi nilivyoyasema darasani, na jinsi watu walivyoguna. Nikamshukuru. Nikasema sitasahau kamwe kwamba aliliziba tundu lile ili nisimezwe.

Susu aliacha kumenya.

"Nani alisema hivyo?"

"Wewe, Susu. Ulimnong'oneza mama, mama akamwambia Bwana Athumani."

Akamgeukia binti yake. Mama alikuwa ameinamia ungo, na ghafla mbaazi zile zilikuwa na kazi nyingi kuliko mbaazi zote duniani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Ndunge," Susu akamwita kwa jina lake. "Ulimwambia nini yule mtu?"

Mama alikuwa amejifunika uso kwa leso, anacheka kicheko cha mtu aliyekibana kwa miaka.

"Basi ulisemaje, Susu?" nikauliza.

"Nilimwambia, mwambie bwana huyu beseni lake limetoboka na maji yanapotea. Nimemzibia, na hata asante hajaniambia." Akachukua ganda jingine la mbaazi, akalipasua. "Umezwe wewe? Tundu lile lilikuwa la kidole kimoja, Mwendwa. Nililipima."